Taa Nyekundu Ilipokula Hina

Mlionisoma Jumamosi iliyopita mnajua nilipokomea. Mke wangu Mwajabu amekwisha kwenda zake Msata na utingo wa lori, hata sufuria ya wali hakuniachia. Paa la studio yangu hapa Bagamoyo limeng'olewa na upepo, nimeezeka makuti. Nimebaki na kamera moja, taa mbili za karabai, na zile karatasi za rangi nilizoachiwa na Mgoa mmoja mpiga picha aliyefunga kazi akarudi kwao.

Wewe uliyefika leo usihangaike, hayo yanakutosha.

Na nilisema hivi: tangu Mwajabu aondoke sikuwa nasikia kitu. Si huzuni, si hasira. Ungenichoma sindano ningekuuliza unashona nini. Nilicheka wenzangu walipocheka, nikala chakula kilipoletwa, basi.

Lakini nyumba ilijaa. Hilo namshukuru Mgoa.

Karatasi zake zilikuwa nyembamba, za kung'aa, nyekundu, buluu, kijani na manjano. Unaitia moja kwenye fremu ya mbao, unaisimamisha mbele ya karabai, chumba kizima kinageuka rangi. Picha yenyewe inatoka nyeusi na nyeupe vilevile kama ya mtu mwingine yeyote. Watu walijua, na hawakujali. Walitaka kukaa ndani ya rangi.

"Mikidadi, mimi nitie buluu."

"Huyu mtie kijani, afanane na embe lake bichi!"

Na wasiopiga picha walisongamana mlangoni kutazama wanaopiga, na kusema nani kavaa nguo ya nani. Mambo ya mji mzima niliyapata pale pale bila kutoka.

Sasa sikilizeni la Dija.

Dija binti Pazi alikuwa mjane. Mume wake wa kwanza alichukuliwa na homa. Akakaa eda yake ndani, hakutoka, hakujipamba, hakutia hina wala manukato, mpaka ikaisha. Ndipo akaposwa na Abdala, kijana wetu wa hapa hapa aliyekuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge kule Tanga. Kazi haikumpa ruhusa, kwa hiyo nikaha ikafungwa kwa wakili. Mwalimu Kibwana akaisoma, bibi harusi yuko Bagamoyo na bwana harusi yuko Tanga, kila mtu na mkeka wake.

Abdala akaleta salamu kwa dereva wa lori. "Kabla hamjamleta mke wangu, nitumieni picha yake. Avae leso ya harusi, na mikono ionekane ilivyopambwa." Alitaka wenzake wa mashine waone kwamba naye kaoa mwana wa watu.

Siku ya pili ya harusi, asubuhi, Dija akaletwa kwangu. Baba yake, Mzee Pazi, akakaa barazani. Ndani akaingia na Bi Mgeni, somo yake, yule yule aliyempaka hina. Watu wote nikawafukuza, maana bibi harusi hakai kutazamwa na kila mpita njia.

Hina ilikuwa mbichi, nyekundu kama nyama ya boga. Maua mpaka kwenye viwiko.

"Nikutie rangi gani?" nikamuuliza.

"Kwani picha itatoka na rangi?"

"Haitoki."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Bi Mgeni akacheka. "Mtie nyekundu, harusi hii! Unataka umtie kijani, kwani anazikwa?"

Nikaiweka fremu nyekundu mbele ya karabai zote mbili. Dija akaweka mikono kifuani, viganja ndani, mapambo nje. Nikamwambia asipumue. Hakupumua. Nikapiga.

Lori la Msata, linalofika mpaka Tanga, lilikuwa linapiga honi sokoni wakati picha ingali inatona maji. Niliitazama uso tu. Uso ulitoka safi, macho yamesimama, ngozi kama imepakwa krimu. Nikaifuta, nikaifunga, nikamkimbizia dereva.

Mikono sikuitazama.

Lori lililorudi ndilo lililomleta Bi Mwaija mlangoni kwangu. Hakuwa kwenye lori, alikuwa kapokea kilichokuwamo. Bi Mwaija ni mama yake Abdala. Mkwe mjane hakumtaka tangu mwanzo, alikuwa na mpwa wake kamwandaa. Harusini alikuja akala pilau, akaondoka kabla ya tambuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba kaitafute kwingine."

Studio ilikuwa imejaa. Kina mama watatu, kijana mmoja kakaa ndani ya manjano anangoja kupigwa. Bi Mwaija akaitupa picha juu ya meza.

"Mwanangu kairudisha. Kaniuliza, mama, huyu ndiye mke mliyenioza? Tazama mikono."

Nikatazama. Wote tukatazama.

Mikono ya Dija ilikuwa mitupu. Hakuna ua, hakuna jani, hakuna hata doa. Mikono ya mwari, au ya mwanamke aliye edani.

"Lakini hina alikuwa nayo," mmoja wa kina mama akasema. "Mbona tuliiona wote?"

"Ndiyo!" Bi Mwaija akapiga kofi la viganja. "Umesema wewe, si mimi. Siku ya harusi hina alikuwa nayo, mji mzima tuliiona. Basi picha hii si ya siku hiyo. Picha hii ni ya siku gani, Mikidadi? Siku gani Dija hakuwa na hina? Edani! Alitoka edani, akajipamba, akaja humu kwako, mkafunga mlango!"

Yule kijana akatoka polepole kwenye manjano yake.

"Bi Mgeni alikuwamo," nikasema.

"Bi Mgeni somo yake! Unataka asemeje?"

"Na Mzee Pazi alikuwa barazani."

"Baba mtu! Loo, mashahidi hao!"

Nilijua ningepaswa kupiga kelele. Mtu mwingine angekwenda juu akashuka. Mimi nilisimama, nikaona kwamba kona ya meza imebanduka rangi, nikafikiri nitaipaka.

Kufika adhuhuri, habari ilikuwa imekwisha kuzunguka Bagamoyo na kurudi imenenepa. Mwenye kahawa alisikia kwamba Dija alikuja mara moja, muuza samaki alisikia mara nyingi, na huko Makurunge, nasikia, walikwisha sema kuna mimba. Mambo hayo hayo niliyokuwa nikiyala kila siku kama karanga, leo nimeyakuta yamepikwa kwa jina langu.

Mzee Pazi alikuja hakukaa.

"Mikidadi, mwanangu, sikuulizi ulifanya nini. Mimi nilikuwa barazani, najua. Nakuuliza utafanya nini. Binti yangu hawezi kuchota maji. Akifika kisimani wenzake wanamtazama mikono."

"Sijui, mzee."

"Hujui! Mwanamke aliyetuhumiwa eda yake nani atamchukua tena? Abdala akimwacha kwa hili, Dija ameisha. Ameisha, unasikia?"

"Nasikia."

Lakini nilisikia kama mtu asikiavyo mvua ya kijiji cha jirani.

Alipokwenda nikaichukua ile picha, nikaketi nayo. Sikuwa natafuta kitu. Ndipo nikaona jambo. Leso ya Dija. Leso ile naijua, kila mtu anaijua, ilipoingia dukani wanawake walipigania: nyeupe, maua makubwa mekundu. Kwenye picha ilikuwa nyeupe tupu, kama sanda, kasoro pindo jeusi.

Maua yalikuwa wapi?

Nikatoka uani. Kwenye kamba ya jirani ilianikwa leso ya namna hiyo hiyo. Nikarudi ndani, nikaichukua fremu nyekundu, nikaiweka mbele ya macho yangu, nikaitazama leso.

Maua yakatoweka.

Nikaiondoa fremu, maua yakarudi. Nikaiweka, yakatoweka. Mwenye leso akatoka akaniuliza kama nimeanza kurukwa na akili.

Taa nyekundu ilikuwa imekula kila chekundu. Leso na hina.

Ningesema moyo uliniruka, lakini sitawadanganya. Nilikwenda tu kwa Mwalimu Kibwana, kwa kuwa ndiye aliyefungisha ndoa, nikamwekea fremu usoni. Akaivua kofia yake iliyotariziwa uzi mwekundu, akaitazama, akaondoa fremu, akaitazama tena.

"Subhanallah. Waite wote. Alasiri, kwako. Na Dija aje, akae chumba cha ndani, asikie mwenyewe."

Alasiri studio haikuwa na pa kutia mguu. Walikaa mpaka dirishani. Kahawa ikazunguka kama msibani. Dija aliingia kwa mlango wa uani, amejifunika buibui, akakaa na Bi Mgeni nyuma ya pazia, kile chumba cha kubadilishia nguo. Mzee Pazi akakaa karibu na pazia kama askari.

Fremu ikapita mkono kwa mkono. "Hebu nami." "Acha, bado sijaona!" "Yuko wapi mwenye leso nyekundu asogee hapa, jamani?" Kila aliyetazama alisema loo.

Bi Mwaija aliitazama, akairudisha.

"Nimeona. Lakini macho yangu hayakutumwa Tanga. Iliyotumwa ni picha. Nionyeshe picha."

"Haki yake," akasema Mwalimu.

"Nani ana hina mpya?" nikauliza.

Walisimama wanawake kumi kwa mpigo. Bi Mwaija akawakalisha kwa kidole.

"Hapana. Nyie wote mmekwisha ungana. Mkono ni huu hapa."

Akaunyosha mkono wake mwenyewe. Hina alikuwa nayo, ya harusi ile ile, maana mama wa bwana harusi hapambwi kwa siri. Alikuwa ameitilia tena juzi, mbichi inawaka.

"Bi Mwaija, utapigwa picha bila kulipia!" sauti ikatoka dirishani.

"Kaa kimya wewe, mdomo kama mlango wa choo!"

Nikawasha karabai. Nikasimamisha nyekundu. Bi Mwaija akauweka mkono juu ya mto, akakaza uso kana kwamba uso nao unapigwa. Nikamwambia atulie. Nikapiga. Mwalimu akasimama mlangoni mwa chumba cha giza ili pasisemwe kwamba nimebadilisha kitu. Watu wakangoja. Huko ndani gizani nilisikia wanabishana kama jini anaweza kukaa kwenye karatasi, na kama ni jini mwanamume au mwanamke.

Nikatoka na picha imelowa. Nikampa Mwalimu. Mwalimu akaitazama kitambo, akampa Mzee Pazi. Mzee Pazi akafumba macho.

Mkono wa Bi Mwaija ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

Vigelegele vilianza nyuma ya pazia, kwa Bi Mgeni, vikapokewa mpaka barabarani.

"Bi Mwaija! Umeingia eda lini?"

"Na mumeo tumemwacha msikitini sasa hivi, anakohoa!"

"Pole sana bibi, tutakuletea uji!"

Hata Bi Mwaija mwenyewe mdomo ulimcheza. Akautazama mkono wake ulio hai, akautazama wa kwenye picha. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinuka, akaliendea pazia, akasema, si kwa sauti kubwa lakini tulisikia:

"Dija, mwanangu, nimekukosea. Mbele ya hawa hawa nilipokuchafua, nakusafisha. Abdala nitamwambia mimi mwenyewe."

"Ahsante, mama," akajibu Dija.

Watu wakaanza kukumbatiana. Mzee Pazi alilia, machozi ya mzee, yasiyotoka mengi. Akanishika bega. "Umeniokoa, mwanangu." Nikamwambia karibu kahawa. Nilikuwa namwona kama mtu aliye ng'ambo ya kioo.

Hapo ndipo lori liliposimama nje.

Abdala aliingia na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemwita, alikuja kwa miguu ya hasira zake. Lakini alipokuta vigelegele, na mama yake anamkimbilia na picha mkononi anacheka, alisimama akatuangalia kama waliopotelewa na akili.

"Mwanangu, tulikosea! Ni taa! Tazama mkono wangu, tazama na picha! Hina ya mkeo imeliwa na taa!"

Kila mtu akamweleza kwa wakati mmoja. Fremu ikawekwa machoni pake, ikaondolewa, ikawekwa. Mimi nilikuwa namtazama uso. Badala ya kufunguka, ulikuwa unajifunga, kidogo kidogo.

Akaketi juu ya stuli ya kupigia picha.

"Nimemwacha," akasema.

"Umemwacha nani?"

"Dija. Nimemwacha kule Tanga. Juzi, mbele ya watu. Walinicheka, mama. Walisema, fundi, umeozwa mtu aliye edani. Nikatamka."

Mwalimu Kibwana akasogea. "Ulitamka moja?"

Abdala akatikisa kichwa.

"Sema kwa ulimi."

"Tatu. Nilisema, nimemwacha kwa talaka tatu. Mashahidi walikuwa wanne."

Waliokuwa wamesimama wakakaa.

"Basi si mkeo," Mwalimu akasema. "Na kwa kuwa hujamgusa, eda nyingine hana. Yuko huru tangu juzi. Lakini wewe humrudii, Abdala. Si kwa mahari mpya, si kwa machozi. Mpaka aolewe na mwanamume mwingine, ndoa kweli kweli, ya kulala na kuamka, na huyo amwache kwa hiari yake au afe."

Bi Mwaija akakaa chini sakafuni, hivyo hivyo na leso yake nzuri.

Kisha nikamwona Abdala anainua macho, anatafuta, yanapita mtu huyu na huyu, yanakuja mpaka kwangu, yanatua.

"Mikidadi."

"Naam."

Akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa na magamba ya oili.

"Muoe wewe."

"Nini?"

"Wewe ndugu yangu, tumekua pamoja. Mtu mwingine yeyote nikimwomba, atamwona alivyo, hatamtoa. Wewe tangu Mwajabu aondoke umekuwa gogo, kila mtu anasema. Huna unachotaka. Muoe, kisha umwache. Taa ni zako, Mikidadi! Mimi nimeangamia kwa taa zako!"

"Astaghfirullah," Mwalimu akasema. "Sikia, Abdala. Mimi sifungishi nikaha ya kuazima. Atakayemuoa Dija mbele yangu atamuoa kwa nia ya kukaa naye. Akimwacha baadaye, hayo yake na Mungu wake. Lakini mkipanga hapa, mbele yangu, mimi simo."

"Hatupangi, Mwalimu. Naomba tu."

"Ndiko kupanga huko!"

Mzee Pazi alikuwa akimtazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesikiliza bei ya kitu kilichoibwa nyumbani kwake.

Ndipo pazia likatikisika. Hakulifungua. Sauti ilitoka pale pale, imetulia, kama alivyokuwa siku ile ananiuliza kwa nini nimuulize rangi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Mimi nimeachwa, na sikuwa nimeambiwa. Nimejua sasa hivi pamoja na wauza kahawa. Wala sijaulizwa kama nataka kurudi. Sijaulizwa kama nataka kuazimwa. Na mimi niulize japo moja."

"Uliza."

"Muulizeni Kaka Mikidadi. Asinijibu kwa ajili ya Abdala, wala kwa ajili ya baba. Akinioa, ataniacha?"

Watu themanini wakanigeukia.

Mimi, jamani, mtu wa maneno. Mimi niliyewahi kusema na mteja aliyelala. Nilitafuta neno la kumstahi Abdala, ambaye mikono yake bado ilinibana. Nilitafuta la kumpooza Mwalimu. Mzee Pazi alikuwa amenikazia macho. Nikafungua mdomo ili niseme kwamba sijui, kwa sababu ndilo nililokuwa nikijibu kila kitu tangu Mwajabu aondoke.

Likatoka jingine.

"Simwachi," nikasema.

Sikulijua lilikotoka. Lilisikika kama limesemwa na mtu aliyesimama nyuma yangu. Nyuma ya pazia Bi Mgeni alivuta pumzi kwa nguvu, Mzee Pazi akasema "Eh," na Bi Mwaija akanyanyua kichwa.

Abdala aliniachia mkono, kidole kwa kidole. Akapita katikati ya watu polepole, wanampisha, wakidhani anakwenda zake. Akafika mlangoni, akaufunga, akatia komeo kwa ndani, kisha akageuka. Alichofanya nitawaambia Jumamosi ijayo.